Ganzi ya mikono kwa wakataji wa waridi Naivasha: HR anasema si ajali. Dai la WIBA (sheria ya fidia ya kazini) linaanzia wapi?

Mwakilishi_Ziwani

Salaam kwenu wote. Ninaandika kwa niaba ya wafanyakazi wa shamba moja la maua hapa Naivasha. Kuna akina mama wanne wenye tatizo la mikono. Wawili ni wakataji wa waridi ndani ya grinihausi, wawili wako ukumbi wa kupanga mashada. Vidole vinakufa ganzi, usiku maumivu yanawaamsha, na mmoja hawezi tena kubana makasi. Wawili wameshaonwa hospitali ya kaunti, wakaandikiwa kwamba neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono.

HR ametoa jibu moja kwa wote: hapakuwa na ajali, hakuna tarehe ya kuumia, kwa hiyo huu ni ugonjwa kama malaria na wachukue likizo ya ugonjwa. Likizo hiyo kwa mmoja imeisha na mshahara umekatwa. Wawili wako kwenye mkataba wa msimu unaokwisha mwezi ujao.

Sasa kuna mtu anazunguka mitaani na fomu za wakili. Anasema atawafungulia kesi mahakama ya hakimu kwa hati ya P3, na wakishinda achukue asilimia 30. Naomba mnieleze: je, hili ni dai la fidia ya kazini? Linapelekwa wapi? Mkataba ukiisha haki inapotea? Na kwa kawaida mtu anaweza kupata kiasi gani?

---

Wakili_wa_Ajira

Ndugu, wazuie wasitie saini chochote cha huyo mzungukaji kabla hujamaliza kusoma.

Sheria inayohusika ni ile ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka 2007, ambayo sote tunaiita WIBA. Haizungumzii ajali peke yake, ina sehemu nzima kuhusu magonjwa yanayotokana na kazi. Jedwali la Pili linaorodhesha magonjwa, lakini hata ugonjwa usiokuwa kwenye jedwali unaweza kulipwa mradi ithibitishwe kwamba umetokana na kazi na umempata mtu akiwa kazini. Tofauti iko kwenye mzigo wa ushahidi. Ugonjwa ulioorodheshwa sheria inaubeba nusu ya njia, usioorodheshwa unaubeba mwenyewe kwa ripoti ya daktari na maelezo ya kazi. Kwa hiyo jibu la HR kwamba "hapakuwa na ajali" halitoshi kulizima dai.

Pa kupeleka: kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia ofisi yake, DOSHS. Ninyi mtahudumiwa Nakuru. Si mahakamani. Kifungu cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake kwa fidia ya jeraha au ugonjwa wa kazini nje ya utaratibu wa sheria hii. Kwa miaka mingi mawakili waliendelea kufungua kesi hizi kwa mahakimu kwa sababu Mahakama Kuu mwaka 2009 ilikuwa imetangaza baadhi ya vifungu, kikiwemo hicho, kuwa kinyume cha katiba. Mahakama ya Rufani iligeuza sehemu kubwa ya uamuzi huo mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikaufunga mjadala tarehe 3 Desemba 2019. Kesi mpya ya aina hii ikipelekwa leo moja kwa moja kwa hakimu, wakili wa bima ya mwajiri atasimama na pingamizi la mamlaka, na faili litafutwa. Ubaya ni kwamba kesi ikifutwa baada ya miezi kumi na minne, muda wa kwenda kwa Mkurugenzi nao unaweza kuwa umepita. Hapo ndipo watu wanapopoteza kila kitu, na aliyewapeleka huko hapotezi chochote.

P3 ni hati ya polisi kwa waliopigwa au kuumizwa kihalifu. Haina kazi hapa. Fomu mnayohitaji ni DOSH/WIBA 1, yaani taarifa ya mwajiri kuhusu ajali au ugonjwa wa kazini. Ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari.

Hatua za wiki hii:

Kila mama aandike barua yake mwenyewe kwa mwajiri. Barua moja ya pamoja haifai, maana kila dai lina faili lake. Sheria inakubali hata taarifa ya mdomo, lakini ya mdomo itakanushwa. Barua iwe na jina, namba ya kitambulisho, namba ya mfanyakazi, kazi anayoifanya na tangu lini, dalili zilianza lini, tarehe ambayo daktari alitambua ugonjwa kwa mara ya kwanza, na sentensi iliyo wazi kwamba anaamini ugonjwa umetokana na kazi na anaomba mwajiri amripoti kwa Mkurugenzi chini ya WIBA. Ambatisha nakala ya karatasi ya hospitali. Nakala moja igongwe muhuri wa mapokezi. Wakikataa kugonga, itumwe kwa barua pepe ya HR na kwa barua iliyosajiliwa posta, risiti itunzwe.

Baada ya kupokea taarifa mwajiri ana siku 7 kumripotia Mkurugenzi. Zikipita bila ripoti, nendeni DOSHS na zile barua zenye muhuri. Afisa atamwandikia mwajiri. Kutoripoti kwake hakuui haki ya mfanyakazi ikiwa inaonekana alikuwa anajua.

Kuhusu muda: dai liwasilishwe ndani ya miezi 12, na haki hupotea kama mwajiri hakujulishwa ndani ya miezi 12. Kwa ajali, hesabu ni rahisi. Kwa mkono uliochoka kidogo kidogo, bima itachimba kadi ya zahanati ya shamba kutafuta siku ya kwanza mtu alipolalamika, iseme muda umepita. Msimamo wa kuushikilia ni tarehe ya utambuzi wa kwanza wa daktari, lakini msijenge nyumba juu ya hoja hiyo. Hesabuni miezi 12 kutoka lalamiko la kwanza lililoandikwa popote, na mfike kabla ya hapo.

Mkataba ukiisha, haki haiishi. Kinachoangaliwa ni kwamba ugonjwa ulipatikana wakati wa ajira. Ila barua ya taarifa iingie kabla ya siku ya mwisho, kwa sababu mtu akishatoka kila karatasi ya ndani inakuwa ngumu kupatikana.

Na huyo wa asilimia 30: Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haitambui makubaliano ya wakili kulipwa kesi ikishinda tu. Mkihitaji wakili, tafuteni jina lake kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya muone kama cheti chake cha mwaka huu kiko hai, na malipo yaandikwe. Lakini hatua ya Mkurugenzi haihitaji wakili. Msaada wa bure upo: Kituo cha Sheria, Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, na kwa kazi yenu, chama cha wafanyakazi wa mashamba KPAWU. Wanawake wanaweza pia kwenda FIDA, chama cha mawakili wanawake.

---

TibaKazi

Naongeza upande wa ripoti ya daktari, kwa sababu madai mengi ya mikono yanakufa hapo.

Karatasi iliyoandikwa "maumivu ya mkono, apewe dawa" haisaidii. Ripoti inatakiwa ijibu maswali matatu kwa mpangilio: ni ugonjwa gani hasa, umetokana na nini, na umebakiza ulemavu kiasi gani.

Ugonjwa gani. Neva ya katikati ikibanwa kwenye kifundo cha mkono, ganzi hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole kidogo huachwa. Mgonjwa huamka usiku na kukung'uta mkono. Ikiwa kidole kidogo ndicho chenye ganzi, huenda neva iliyobanwa ni ya kiwikoni, nayo ni habari nyingine. Ikiwa hakuna ganzi ila kuna maumivu makali upande wa kidole gumba, hasa akikunja gumba ndani ya ngumi na kuinamisha kifundo upande wa kidole kidogo, hiyo ni ala ya kano iliyovimba. Kidole kinachokwama kikikunjwa kisha kufyatuka ni tatizo la tatu. Wakataji wa maua wanaweza kuwa na mawili kwa pamoja, na daktari aandike yote, siyo lile kubwa tu. Lililosahauliwa kwenye ripoti ya kwanza likijitokeza baadaye, bima itasema halikuwapo.

Kwa neva, ombeni kipimo cha umeme cha kuona kasi ya neva, mikono yote miwili. Vipimo vya mikono, vya kukunja kifundo kwa dakika moja na kugonga juu ya neva, ni vya maana lakini vinategemea maneno ya mgonjwa. Kipimo cha umeme kinatoa namba ambazo daktari wa bima hawezi kuzipuuza. Kijue kikomo chake pia: ugonjwa ukiwa mchanga kinaweza kutoka sawa hata kama dalili zipo, kwa hiyo kisipoonyesha kitu, daktari aeleze kwa nini bado anaamini utambuzi wake.

Umetokana na nini. Hapa andaeni jibu mapema. Kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, baridi yabisi na ujauzito vyote vinaweza kubana neva hiyo hiyo. Daktari wa bima ataanzia hapo. Pimeni sukari na homoni za tezi sasa, matokeo yaingie kwenye faili. Yakitoka safi, mlango huo umefungwa. Mtu akiwa na kisukari dai halijafa, ila daktari inabidi aeleze kwa nini mkono wa kukatia umeumia kuliko ule mwingine, kwani sukari haichagui mkono.

Halafu maneno. Ripoti nyingi huandika "dalili zinaweza kuhusiana na kazi". Neno "zinaweza" ni zawadi kwa upande wa pili. Kinachohitajika ni maoni ya wazi kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa kazi ndiyo chanzo kuliko kuwa siyo, yakifuatwa na sababu: marudio, nguvu ya kubana, kifundo kilichopinda, ukosefu wa mapumziko, miaka ya kazi. Daktari hawezi kuyaandika hayo kama hajui kazi. Mpelekeeni ukurasa mmoja unaoeleza kazi ilivyo, kwa namba.

Ulemavu kiasi gani. Msikimbilie asilimia. Asilimia ya ulemavu wa kudumu hutolewa matibabu yakishafika mwisho wake. Kwa neva iliyobanwa kuna kifungo cha kushikilia kifundo usiku kwa wiki kadhaa, kuna sindano, kuna upasuaji wa kuifungua. Aliyepimwa asilimia akiwa bado na kifungo anaweza kupewa namba ndogo kwa matumaini kwamba atapona, na akibaki na msuli uliosinyaa kwenye shina la gumba, kuifungua tena hesabu ile ni vita. Tathmini iwe na nguvu ya kubana iliyopimwa kwa kilo, mikono yote miwili, wastani wa mara tatu. Upana wa kukunja kifundo kwa nyuzi. Na orodha ya kazi ambazo mtu hawezi tena. Iandikwe pia mkono upi ndio wa kazi.

---

Mwakilishi_Ziwani

Nimewaelewa, asanteni sana. Barua zinaandikwa leo. Maswali mawili: ule ukurasa wa maelezo ya kazi tunautengeneza vipi ili usionekane tumetunga? Na HR amesema lazima waonwe na daktari wa kampuni, wa hospitali ya kaunti hamtambui.

---

KamatiUsalama

Nianze na la daktari. Mwajiri au Mkurugenzi anaweza kumtaka mfanyakazi apimwe na daktari waliyemteua. Msikatae, kukataa bila sababu kunaweza kusimamisha haki yake ya kulipwa. Ila kupimwa na daktari wa kampuni hakufuti ripoti ya daktari wake. Zote mbili zinaingia kwenye faili, na zikipishana sana ni Mkurugenzi anayeamua au kuagiza uchunguzi mwingine. Mama aende na nakala za vipimo vyake, asiache za asili. Akitoka aandike siku hiyo hiyo alipimwa nini na kwa dakika ngapi. Daktari aliyemuuliza maswali mawili bila kumshika mkono hana msingi wa kuandika asilimia.

Kuhusu maelezo ya kazi, namba zitokane na karatasi za shamba lenyewe. Mashamba ya maua yana rekodi ya kila siku ya kila mkataji: mashina mangapi, bloku gani. Ukumbi wa kupanga una hesabu ya mashada kwa mtu. Hizo ndizo ushahidi, na huwekwa kwa ajili ya malengo na marupurupu, si kwa ajili yenu, ndiyo maana hakuna atakayesema zimetungwa. Ombeni nakala kwa maandishi kupitia kamati ya usalama na afya. Shamba lenye wafanyakazi 20 au zaidi linatakiwa kuwa na kamati hiyo kisheria, na mwakilishi wa wafanyakazi ana kiti. Wakati mnangoja, kila mmoja apige picha ya karatasi yake inapobandikwa.

Kisha pimeni mwendo. Hesabuni mikato kwa dakika kumi, mara tatu kwa siku: asubuhi, kabla ya chakula, na saa ya mwisho. Ikiwa wastani ni mikato 12 kwa dakika, hiyo ni 720 kwa saa, na kwa saa saba halisi za kukata ni zaidi ya 5,000 kwa mkono mmoja. Andikeni hali ya siku hiyo: siku ya kawaida au msimu wa kuelekea Februari 14, maana hapo lengo hupanda na saa za ziada zinaongezeka. Hesabu ya msimu na ya kawaida zitenganishwe. Ukichanganya, atakayeikagua atapata siku moja isiyolingana na kuitumia kuangusha zote.

Kwa mkataji, elezeni makasi: upana wake ukilinganisha na kiganja, springi iliyolegea, kisu kinachonolewa mara ngapi kwa wiki. Makasi butu humlazimu mtu kubana kwa nguvu zaidi kila mkato, na glavu nene zilizolowa huongeza tena. Kwa wapangaji mashada, angalieni kung'oa majani na miiba kwa kuvuta shina huku kifundo kimepinda, kufunga mpira, na kugongesha shada mezani kusawazisha. Pimeni urefu wa meza kwa sentimita na urefu wa mfanyakazi. Andikeni baridi ya ukumbi pia, mkono wa baridi hubana kwa nguvu zaidi kuliko inavyohitajika.

Fanyeni jambo hili wakati makasi yale yale yangali yanatumika. Malalamiko yakiingia, shamba linaweza kununua makasi mapya ndani ya wiki mbili. Hilo ni jema kwa mikono iliyobaki na tunalitaka litokee, lakini picha ya makasi ya zamani iwe imeshapigwa.

Mwisho, andikieni kamati mkitaja kifungu cha 76 cha sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 (ndiyo OSHA ya Kenya). Kinamtaka mwajiri alinganishe kazi, vifaa na mahali pa kazi na mwili wa mfanyakazi. Fidia ya WIBA hailipwi kwa sababu mwajiri ana kosa, kosa si sharti kabisa, lakini barua hiyo inaweka rekodi kwamba alijua. Na inamsaidia atakayeajiriwa baada yao.

---

Afisa_Madai

Niingie kwenye pesa, kwa vile wengi huangalia asilimia tu na kusahau mengine mawili.

La kwanza ni matibabu. Mwajiri anatakiwa kubeba gharama za busara: daktari, upasuaji, dawa, na nauli ya kwenda kutibiwa. Risiti zote zitunzwe, hata ya matatu ya Naivasha hadi Nakuru ikipatikana. Kosa la kila siku ni mtu kutibiwa kwa SHA (bima ya afya ya serikali) au kwa mfuko wake, kisha hadai kitu.

La pili ni mshahara wakati hawezi kufanya kazi. Hapa ndipo HR wenu anapowaumiza. Likizo ya ugonjwa chini ya Sheria ya Ajira ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, kwa uchache. Chini ya WIBA, mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi anastahili malipo ya vipindi yanayolingana na kipato chake, hadi miezi 12. Kwa hiyo kuhesabiwa "mgonjwa wa kawaida" ni hasara ya moja kwa moja. Kila siku ya mapumziko iwe na karatasi ya daktari inayotaja mkono na kazi, bila pengo kati ya karatasi moja na nyingine. Pengo la siku tano litasomwa kwamba alikuwa amepona.

La tatu ndilo la ulemavu wa kudumu. Kanuni ni kipato cha miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Mfano wenye namba za kufikirika: kipato shilingi 16,000 kwa mwezi, ulemavu asilimia 8. 16,000 mara 96 ni 1,536,000. Asilimia 8 yake ni 122,880. Sasa tazama kinachotokea mwajiri akijaza fomu kwa mshahara wa msingi tu, 14,000, akiacha thamani ya nyumba: inakuwa 107,520. Shilingi 15,360 zimepotea kwa kisanduku kimoja. Thamani ya nyumba na saa za ziada za kudumu ni sehemu ya kipato. Saa za ziada za mara moja moja na posho ya nauli si sehemu yake. Ambatisheni hati za mishahara za miezi 12 ili DOSHS isitegemee namba ya mwajiri peke yake. Wa msimu watumie miezi yote waliyofanya.

Jedwali la Kwanza lina asilimia za viungo vilivyokatika au kupoteza kazi. Neva iliyobanwa haimo kwa jina, kwa hiyo daktari anakadiria na Mkurugenzi anaamua. Kuna kipengele cha kumsaidia mtu ambaye jeraha lake lina athari kubwa kuliko kawaida kwa sababu ya aina ya kazi yake: asilimia inaweza kupandishwa. Mkataji ambaye kazi yake yote ni kubana vidole ndiye hasa wa kukitaja. Kisipoombwa hakifikiriwi.

Njia ya faili: fomu ikikamilika Mkurugenzi hukokotoa na kumtumia mwajiri tathmini, fomu ya DOSH/WIBA 4. Bima inatakiwa kulipa ndani ya siku 90 tangu dai liwasilishwe. Zinapopita, kwanza ulizeni DOSHS kama bima ilileta pingamizi, ya pili mwandikieni mwajiri aseme kampuni ya bima na namba ya hati, ya tatu mlalamikie Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Ikiwa mwajiri hana bima, deni ni lake, na kutokuwa na bima ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 7.

Na msikubali "malipo ya kuachana" kabla ya tathmini. Mtu hupewa elfu ishirini na karatasi inayosema hana dai lolote tena. Akiisaini, kazi ya kuifuta ni ya mahakamani.

---

Kiptoo_wa_Majani

Swali dogo kutoka Kericho. Wachuma chai walipeleka kesi ya migongo na mabega hadi Scotland. Mbona watu wa maua wasipitie huko huko badala ya kupambana na DOSHS?

---

Wakili_wa_Ajira

Ndugu Kiptoo, kesi hiyo yenyewe ndiyo inayotuonyesha kwa nini. Ilifunguliwa dhidi ya James Finlay (Kenya) Limited, kampuni iliyokuwa ikifanya kazi Kericho lakini ikiwa imesajiliwa Scotland, na ndiyo sababu pekee mlango wa Edinburgh ulikuwepo. Walalamikaji walidai kwamba miaka ya kuinama na kubeba vikapu iliwaharibu migongo. Mwaka 2023 Jaji wa daraja la kwanza alikubali kwamba mahakama ya huko ina mamlaka. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka huo huo majaji wa rufaa wa Court of Session wakaisimamisha kesi, wakisema madai yapitie kwanza utaratibu wa WIBA Kenya. Hawakusema wafanyakazi ni wazima wala kwamba kampuni haina hatia. Walisema tu mlango wa kwanza uko hapa.

Shamba lenye kampuni iliyosajiliwa Kenya halina hata huo upenyo. Kwa hiyo nguvu iende Nakuru.

Mwakilishi, nimalizie mambo ambayo hukuuliza ila yatakufika.

Mkurugenzi akikataa dai au akitoa asilimia ndogo, mna siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake kwa maandishi. Pingamizi la "hatujaridhika" halina uzito. Liandikwe likitaja kasoro: kipato kilichotumika ni cha msingi tu, ripoti ya kipimo cha neva haikuzingatiwa, mkono wa kushoto haukupimwa. Ana siku 14 za kujibu. Jibu likiwa baya, rufaa ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano Kazini ndani ya siku 30 za jibu hilo, na Nakuru mahakama hiyo ipo. Katika hatua hii tafuteni wakili, siyo kabla. Andikeni tarehe mliyopokea uamuzi kwenye bahasha yenyewe, kwa kuwa mara nyingi barua hukaa wiki tatu kwenye sanduku la chama kabla ya kumfikia mama mwenyewe.

Mkurugenzi akitoa tathmini nzuri na mwajiri asilipe, sheria haikumpa Mkurugenzi mkono wa kukamata mali. Inabidi mwende mahakama hiyo hiyo ya ajira kuomba tathmini itambuliwe na kukaziwa kama hukumu. Ili mfaulu mnahitaji fomu ya tathmini, uthibitisho kwamba mwajiri aliipokea, na uthibitisho kwamba siku za kupinga zilipita bila yeye kupinga. Kwa hiyo DOSHS inapoipeleka tathmini kwa mwajiri, ombeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo.

Wale wa mkataba wa kudumu wakiitwa kuachishwa kwa sababu mkono hauwezi, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka waelezwe sababu kwa lugha wanayoielewa na wasikilizwe, wewe mwakilishi ukiwa chumbani. Hapo ombeni kazi nyingine isiyobana mkono, mkitaja nafasi zilizopo, mfano kuhesabu masanduku au kukagua ubora. Hata wakiachishwa, dai la WIBA na dai la kuachishwa isivyo haki ni vitu viwili. La pili linakwenda moja kwa moja mahakama ya ajira na lina muda wa miaka 3. Msiyachanganye kwenye barua moja, na mtu asitie saini hati ya mwisho wa kazi inayosema amelipwa "haki zote" bila kuandika kwa mkono wake chini: dai la WIBA la mkono linaendelea.

---

Mwakilishi_Ziwani

Barua nne zimegongwa muhuri mchana huu. Wawili ambao hawajapimwa wanaenda Nakuru Alhamisi, sukari na tezi vitapimwa siku hiyo hiyo. Swali la mwisho kwa TibaKazi: huku tukingoja, waendelee kukata?

---

TibaKazi

Wasiendelee na mkono huo kwa kasi ile ile. Ganzi inayokuja na kuondoka bado inaweza kurudi nyuma. Ganzi isiyoondoka na gumba linaloangusha vitu ni dalili kwamba neva inakufa, na upasuaji ukichelewa nguvu hairudi yote. Huyo asiyeweza kubana makasi aonwe na daktari wa upasuaji wa mifupa au mikono kabla ya Alhamisi ikiwezekana.

Kwa wengine, daktari aandike karatasi ya kazi nyepesi yenye masharti yanayopimika: asibane makasi wala kung'oa miiba, asibebe zaidi ya kilo 2 kwa mkono huo, apumzike dakika 10 kila saa, kwa wiki sita, kisha arudi kupimwa. "Kazi nyepesi" bila masharti kila msimamizi ataitafsiri anavyotaka. Mpeni msimamizi nakala na aweke saini yake kwenye nakala yenu. Akimrudisha kwenye mstari wa kukata baada ya hapo, andikeni tarehe, saa, bloku na aliyetoa amri.